Plau na zana kuukuu za trekta zinatafutwa tena: tununue kwa kipimo, si kwa rangi

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia minada ya zana za shamba na matangazo ya watu wanaouza vitu vilivyokwisha kutumika, na nimeona mabadiliko ambayo nadhani yanastahili mjadala wa kina. Plau zilizolala kwenye nyasi miaka mingi zikimsubiri mnunuzi wa chuma chakavu sasa zinagombewa na wakulima, na haro (zana za kuvunja mabonge ya udongo), vipandio na mashine za kukatia majani zilizoundwa kwa ajili ya matrekta madogo ya katikati ya karne iliyopita hazikai sana sokoni. Muuzaji ambaye zamani angeshukuru kuondolewa mzigo uani kwake, leo anauliza kwanza mnunuzi ana trekta gani, kisha ndipo anataja bei.

Wapo wanaosema kwamba chanzo chake ni mapenzi ya mambo ya kale. Mapenzi hayo yapo, wala siyabezi. Mashindano ya dunia ya kulima kwa plau yamekuwapo tangu 1953, yalipofanyika kwa mara ya kwanza Cobourg katika jimbo la Ontario, Kanada, na katika nchi kadhaa mashindano ya kulima yana daraja maalumu la matrekta na plau za zamani. Lakini mshindani hununua plau moja, akaing'arisha na kuitunza maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo hawezi kumaliza zana za mnada mzima. Wanaozimaliza ni wenye mashamba madogo na bustani kubwa, watu wanaotaka kulima kesho asubuhi, na kwao hesabu ni nyingine kabisa.

Hesabu yenyewe naiona hivi. Trekta ndogo za zamani zimedumu kwa sababu mwenye spana, subira na kitabu cha maelekezo anaweza kuzifungua na kuzifunga. Trekta nyingi za kisasa zina vihisio na kompyuta, na hitilafu ndogo inaweza kuizima mashine nzima mpaka aje fundi mwenye programu ya kampuni. Jambo hili limefika hadi kwa watunga sheria: mwaka 2023 jimbo la Colorado nchini Marekani lilipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa zana za kilimo wawapatie wamiliki vipuri, programu, vifaa na maelezo ya kutengenezea mashine zao, nayo ikaanza kutumika Januari 1, 2024. Mkulima asiyetaka kungoja sheria hutafuta trekta kuukuu. Akishaipata, anagundua kwamba plau nyingi mpya za viwandani zimeundwa kwa matrekta makubwa ambayo nguvu zake ni mara nyingi ya nguvu za trekta yake, kiasi kwamba akiiinua plau ya namna hiyo magurudumu yake ya mbele yataning'inia hewani. Hapo ndipo anapoanza kutafuta plau ya rika la trekta yake. Kwa hiyo uhitaji wa zana kuukuu unafuata uhitaji wa matrekta kuukuu, kama tela linavyofuata kichwa chake.

Tukumbuke pia kwamba kurekebishika kwa plau hakukuja kwa bahati. Ni uvumbuzi uliofanyiwa kazi kwa muda mrefu. Robert Ransome wa Uingereza alipata mwaka 1803 hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya wembe wa plau, yaani chuma kinachokata udongo, uliosubiwa (uliomiminwa kwenye kalibu) kwa namna ambayo uso wa chini hupoa upesi na kuwa mgumu kuliko uso wa juu. Udongo unapousugua, upande laini wa juu hulika kwanza na makali hubaki, yaani wembe hujinoa wenyewe kazini. Mwaka 1808 akaongeza hataza ya plau ambayo sehemu zake zimefungwa kwa bolti, ili iliyoharibika iondolewe shambani na nyingine iwekwe. Nchini Marekani, Jethro Wood alipata mwaka 1819 hataza ya plau ya chuma cha kusubu yenye sehemu za kubadilishana. Kabla ya watu hawa, plau ikivunjika ilibidi ibebwe yote hadi kwa mhunzi, na kazi isimame. Anayenunua plau kuukuu leo ananunua wazo hilo: kwamba kinacholika kitolewe, na kilichobaki kiendelee.

Basi hoja yangu katika uzi huu ni moja. Swali la kwanza mbele ya zana kuukuu lisiwe jina lililoandikwa ubavuni, wala rangi yake, wala umri wake. Liwe hili: sehemu zake zinazolika zinabadilishika, na boriti yake, yaani chuma kirefu kinachozibeba, imenyooka?

Nasema hivi kwa sababu nilijifunza kwa hasara. Nilinunua plau ya mifuo miwili, yaani inayokata mitaro miwili kwa mpigo, iliyopakwa rangi mpya nzuri sana, kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba haijafanya kazi nzito. Nilipoipeleka shambani, wembe wa mbele ulikuwa unazama na wa nyuma unaelea, na kila nilipoirekebisha kwa kiungo cha juu kinachoifunga kwenye trekta, kasoro ilihama upande mmoja hadi mwingine. Nilipoteza wiki mbili za mvua nikiamini kwamba tatizo ni mimi. Mwishowe nilichukua uzi wa mwashi, nikaunyoosha kutoka mwanzo hadi mwisho wa boriti, nikaona boriti imepinda upana wa kidole. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya mkunjo. Kipimo kile kingenichukua dakika tano pale pale kwa muuzaji.

Tangu siku hiyo hupima mambo machache kabla ya kuzungumza bei. Kwanza boriti, kwa uzi. Pili, kwenye plau ya mifuo zaidi ya mmoja, hupima kutoka ncha ya wembe mmoja hadi ncha ya wembe unaofuata, kisha kutoka kisigino hadi kisigino. Vipimo viwili visipolingana, aidha fremu imepinda au wembe mmoja si wa plau hiyo. Tatu, huilaza rula ndefu chini ya plau kutoka ncha ya wembe hadi kisigino cha bamba la ubavuni, lile linaloegemea ukuta wa mfuo. Katikati ya rula na chuma lazima kuwe na upenyo wa milimita chache. Upenyo huo ndio unaoivuta plau ardhini. Ukiwa haupo, wembe umeisha, na plau itateleza juu ya udongo hata ukiipandia kwa miguu. Huohuo hupimwa pia kwa ubavuni, kwa sababu ndio unaoifanya plau ishike upana wake badala ya kukimbilia upande uliokwisha kulimwa.

Nne ni bawa, yaani bamba lililopinda linalogeuza udongo. Kutu nyepesi si tatizo, kwa kuwa udongo wenyewe utaisugua ndani ya siku moja au mbili. Kutu iliyochimba mashimo ndiyo adui, kwa maana udongo wa mfinyanzi utanata humo na plau itaanza kusukuma badala ya kugeuza. Ni tatizo la zamani sana. John Deere aliunda plau yake ya bawa la chuma lililosuguliwa likang'aa huko Grand Detour, Illinois, mwaka 1837, kwa sababu udongo mzito wa nyika zile ulinata kwenye plau za chuma cha kusubu na kumlazimu mkulima asimame kila hatua chache akwangue. Bawa lenye mashimo linamrudisha mnunuzi kabla ya 1837.

Naomba wenye uzoefu waongeze, na wenye maswali waulize.

#2 Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo yenye vipimo. Mimi ninayo trekta ya miaka ya karibuni, ndogo ya wastani, na nimepata plau na mashine ya kukata majani zilizotengenezwa kwa ajili ya trekta za zamani za Ferguson. Muuzaji anasema kila kitu cha viungo vitatu huingia kwenye kila trekta ya viungo vitatu. Je, ni kweli? Naomba pia unifafanulie kwa nini zana za Ferguson hutajwa sana kuliko za wengine wa wakati wake.

#3 Mwanzisha uzi

Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa linajibu sehemu ya lile la kwanza.

Kabla ya Harry Ferguson, aliyebuni mfumo wa viungo vitatu, plau ya trekta ilikuwa ikiburutwa nyuma kwa mnyororo au kiungo kimoja, kama jahazi linavyovuta mtumbwi. Ilikuwa na magurudumu yake, uzito wake na wenzo wake wa kuinulia, na ilipokwama kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma ya trekta yaliendelea kusukuma huku pua ikiinuka, na madereva waliuawa kwa matrekta kupinduka kinyumenyume. Ferguson aliifunga plau kwenye trekta kwa viungo vitatu, viwili chini na kimoja juu, akaunganisha kiungo cha juu na mfumo wa haidroliki, yaani wa kuinua kwa msukumo wa mafuta. Udongo unapoivuta plau nyuma, kiungo cha juu husukumwa mbele, na msukumo huo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huibana pua ya trekta chini, na huiambia haidroliki kwamba mzigo umezidi, nayo huinua plau kidogo. Hivyo trekta nyepesi iliweza kufanya kazi iliyohitaji trekta nzito. Alikubaliana na Henry Ford, mtengenezaji wa magari na matrekta wa Marekani, mwaka 1938 kwa kupeana mikono, na mwaka uliofuata ikatoka Ford 9N yenye mfumo huo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja trekta ya Ferguson TE20 iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na zaidi ya trekta 500,000 zilitoka kiwandani. Ndiyo maana zana zake ni nyingi hadi leo: trekta yenyewe ilikuwa nyingi, na kila mwenye trekta alinunua plau, haro na tela vya mfumo uleule.

Sasa swali la kuingiliana. Muuzaji wako amesema nusu ya ukweli. Mfumo wa viungo vitatu uligawanywa katika madaraja. Kwenye daraja la kwanza, ambalo ndilo la zana nyingi za zamani za trekta ndogo, pini za chini zina unene wa milimita 22 na ya juu milimita 19. Kwenye daraja la pili pini za chini ni milimita 28 na ya juu milimita 25, na nafasi kati ya mikono ya chini ni pana zaidi. Pini nyembamba kwenye tundu pana hucheza, na kucheza huko hula tundu na kuitikisa plau, kwa hiyo weka bushi (pete) za kujazia. Ni vitu vidogo na vinapatikana. Kinyume chake, usilazimishe pini nene kwa kupanua tundu la trekta.

Jambo linalosahaulika zaidi ni upana wa magurudumu. Unapolima, magurudumu ya upande mmoja hutembea ndani ya mfuo uliotangulia. Plau ya mifuo miwili ya inchi 10 iliundwa kwa trekta yenye tairi nyembamba. Ukiifunga nyuma ya trekta yenye tairi pana, tairi haitoshi mfuoni, hivyo itakanyaga na kushindilia udongo uleule uliougeuza dakika chache zilizopita. Pima upana wa tairi zako, pima mfuo wa plau, ndipo uamue. Uwezo wa kuvuta trekta inao. Mahali pa kupita ndipo penye shida.

Kuhusu mashine ya kukata majani, tahadhari mbili. Mhimili wa kutoa nguvu nyuma ya trekta, ambao mafundi huuita PTO, kwa kawaida ya leo una unene wa inchi 1 na 3/8 wenye meno sita, nao huzunguka mara 540 kwa dakika. Ule wa TE20 na 9N ulikuwa na unene wa inchi 1 na 1/8. Kipo kiungio cha kukutanisha vipimo hivyo viwili, lakini usichomelee. Tahadhari ya pili inamhusu atakayefunga mashine hii kwenye trekta kuukuu: katika trekta hizo mhimili huo umeunganishwa na gia, hivyo ukikanyaga klachi, visu vizito vinavyoendelea kuzunguka vinaweza kuisukuma trekta mbele hata baada ya wewe kuamini kwamba umeisimamisha. Kuna kiungio maalumu kinachoruhusu nguvu ipite upande mmoja tu, na kwa mashine ya kukata majani nakihesabu kuwa cha lazima. Na kifuniko cha mhimili kikiwa kimepotea, kama kilivyopotea kwenye zana nyingi kuukuu, kinunuliwe kabla ya kazi ya kwanza, kwa sababu nguo inayoshikwa na mhimili wenye kasi hiyo haimpi mtu nafasi ya kujiokoa.

#4 Mchangiaji, fundi wa kuchomelea

Wakuu, nimesoma kwa makini na naomba kuongeza upande wa karakana, kwa kuwa hizi zana zikishanunuliwa huletwa kwetu, na nyingi huletwa zikiwa zimeharibiwa na matengenezo kuliko kazi.

Kosa la kwanza ni kutotofautisha chuma cha kusubu na chuma cha kufuliwa. Kabla hujagusa sehemu yoyote kwa moto, isage kidogo kwa grainda mahali pasipoonekana. Chuma cha kufuliwa hutoa cheche ndefu, angavu, zinazoruka mbali. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi zenye wekundu uliofifia. Ukichomelea chuma cha kusubu kama unavyochomelea chuma cha kawaida, kitapasuka kando ya mshono wako, mara nyingine palepale kinapopoa, nawe utasikia mlio wake. Kinahitaji kupashwa moto chote taratibu kabla ya kazi, kuchomelewa kwa fimbo ya nikeli vipande vifupi vifupi, na kupozwa polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu. Ikiwa sehemu hiyo bado inapatikana kwa kununua, ni afadhali uinunue.

Kosa la pili ni kusaga wembe wa chuma cha kusubu upande wa chini. Mwanzisha uzi ameeleza kwamba uso wa chini ndio mgumu. Anayeusaga huo anaondoa kitu kilekile kilichomfanya Ransome apewe hataza. Wembe wa chuma cha kufuliwa ni habari nyingine: huo mhunzi anaweza kuupasha moto, akaupiga nyundo mpaka makali yarudi na ncha ishuke, na hivyo kurudisha ule upenyo wa milimita chache uliotajwa. Kazi hii ilikuwa ya kawaida kwa wahunzi, na ninafurahi sana kuona vijana wakija kuniuliza inavyofanywa.

Kosa la tatu linahusu mabawa. Mengi ya mabawa mazuri ya zamani yalitengenezwa kwa tabaka tatu, nje mbili ngumu na katikati laini, ili yawe magumu bila kuvunjika. Ukilichomelea kiraka au ukalipasha moto kulinyoosha, unapoteza ugumu wa tabaka la nje mahali pale, na udongo utaanza kunata hapohapo. Bawa lililopasuka ni la kubadilishwa.

Nimalizie na bolti ya usalama. Plau na mashine nyingi zina bolti moja iliyokusudiwa kukatika mzigo unapozidi. Nimeona watu waliochoshwa na kuibadilisha wakaweka ngumu zaidi. Kinachokatika baada ya hapo ni boriti, au gia ya trekta. Bolti ikikatika kila mara, plau inakuambia kwamba unalima kwa kina kupita uwezo au shamba lina mawe, isikilizwe. Mvumbuzi wa Australia Kusini, Richard Bowyer Smith, alikabili tatizo la visiki mwaka 1876 kwa kubuni plau ambayo kila jembe lake huruka juu ya kisiki na kurudi ardhini lenyewe. Hiyo ndiyo njia ya kupambana na kikwazo: kukipisha.

#5 Mchangiaji

Ndugu zangu, naheshimu sana ujuzi uliomwagwa hapa, lakini mimi ni mtu wa udongo zaidi kuliko chuma, na nina wasiwasi ambao hakuna aliyeutaja. Tunazungumzia kurudi kwa plau kana kwamba plau iliachwa kwa sababu ya uchovu tu. Iliachwa katika sehemu nyingi kwa sababu ilidhuru. Katika miaka ya 1930 nyika za kati za Marekani ziligeuzwa kwa plau mwaka hata mwaka, ukame ukaja, na upepo ukaubeba udongo wa juu kwa mawingu yaliyofunika miji. Kugeuza udongo kila msimu huacha ardhi uchi mbele ya mvua na upepo, huchoma mboji kwa haraka, na wembe unaopita kina kilekile kila mwaka husugua tabaka gumu chini yake ambalo mizizi haipenyi na maji hayashuki. Je, hatuoni kwamba zana rahisi kupatikana inaweza kumshawishi mtu kulima mahali ambapo hakupaswa kulima?

#6 Mwanzisha uzi

Dada yangu, au kaka yangu, niwie radhi kama nimekosea, hoja yako ni nzito na nakubali kwamba nilipaswa kuiweka kwenye ujumbe wa kwanza.

Ni kweli kabisa kwamba plau ya bawa ni zana kali. Mimi siitumii kila msimu. Naitumia kuvunja ardhi iliyokaa majani kwa miaka, au kuzika magugu yaliyonishinda, kisha naiweka kando na kufanya kazi na zana nyepesi, na kina nakibadilisha ili nisitengeneze lile tabaka. Kwenye mteremko siitumii kabisa isipokuwa kwa kufuata kontua, yaani mistari ya kimo kimoja.

Lakini ningependa tuone kwamba ile miaka ya 1930 yenyewe ndiyo iliyozaa baadhi ya zana ninazozitetea. Mkulima wa Oklahoma, Fred Hoeme, alibuni wakati huo plau ya meno, yenye vyuma vinavyopasua ardhi bila kuigeuza, ili masalia ya mazao yabaki juu na kuushika udongo. Zana za namna hiyo nazo zimo katika minada ninayoisema, na mara nyingi hupitwa kwa sababu hazina umbo la kuvutia kama plau ya bawa. Fremu yake ni nene, meno yake hubadilishwa kwa bolti mbili, na ukipita nayo chini kidogo ya kina cha zamani cha plau, wakati ardhi ni kavu kiasi cha kupasuka, inavunja lile tabaka gumu ulilolitaja. Ardhi ikiwa na unyevu mwingi itakata mfereji tu bila kupasua chochote. Kama ningeulizwa na mtu anayenunua zana kuukuu moja tu, ningemwambia atazame meno kabla ya mabawa.

Kuna pia plau ya sahani. Wengi huichukulia kuwa ni plau ya bawa yenye umbo jingine, na sivyo. Sahani zinazunguka, hupanda juu ya mizizi na mawe badala ya kukwama, na huingia ardhini kwa uzito wa plau yenyewe, kwa hiyo hufaa ardhi kavu na ngumu ambako wembe ungekataa kuzama. Haifukii majani vizuri, jambo ambalo kwa mtazamo wako, ndugu yangu, ni sifa yake. Unapoinunua, pima kipenyo cha kila sahani, kwa sababu sahani iliyolika imepungua kimo na haitafikia kina cha wenzake. Kisha ishike kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikicheza, beringi zimekwisha, na bei ishuke kwa thamani ya beringi zote, si ya ile moja tu iliyokubainikia.

#7 Mchangiaji

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo bila kuandika. Babu yangu aliacha plau ya mfuo mmoja chini ya mti, na imekaa hapo tangu nikiwa mdogo. Bolti zote zimeshikana kwa kutu. Boriti nimeipima kwa uzi kama ilivyoelekezwa na imenyooka. Nimejaribu kufungua bolti moja ya wembe na kichwa kikaanza kuviringika. Nifanye nini bila kuiharibu? Kwangu plau hii si ya kuuza.

#8 Mchangiaji, fundi wa kuchomelea

Mdogo wangu, simama hapo hapo ulipofikia, usiizungushe tena hiyo bolti.

Safisha kwanza uzi wa bolti unaochomoza nyuma ya nati kwa brashi ya waya, maana nati haiwezi kutoka juu ya tope na kutu. Kabla ya kusaga au kukwangua rangi iliyobaki, funika pua na mdomo, na usifanye kazi hiyo karibu na watoto, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Kisha mimina mafuta ya kupenyeza kwenye kila bolti, jioni na asubuhi, kwa siku kadhaa, na kila ukimimina piga nati nyundo ndogo ndogo kutoka pembeni huku nyundo nzito ikiegemea upande wa pili. Mtikisiko ndio unaoifungulia mafuta njia. Bolti za wembe kwa kawaida zina kichwa bapa kilichozama ndani ya chuma, chenye shingo ya mraba ya kukizuia kisizunguke; kikianza kuviringika, maana yake ni kwamba shingo imelika au tundu limepanuka. Hiyo usiipiganie. Kata nati kwa kisu cha nati au kwa grainda, ukielekea kwenye nati na si kwenye kiungo kinachobeba wembe, kwa sababu nati na bolti ni vitu vya kununua, na kiungo kile huenda ni chuma cha kusubu kisichopatikana tena.

Usipashe moto mpaka uwe umefanya jaribio la cheche. Ukikuta ni cha kufuliwa, pasha nati peke yake, igeuke nyekundu iliyofifia, kisha iache ipoe kidogo kabla ya kuweka spana.

#9 Mwanzisha uzi

Naongeza neno moja kwa huyu ndugu aliyerithi plau ya babu yake. Kabla ya kutoa wembe wa zamani, uweke juu ya karatasi ngumu au ubao na uchore umbo lake lote kwa kalamu, pamoja na matundu ya bolti na umbali kati yake, hata kama umelika kiasi gani. Tafuta pia namba iliyosubiwa nyuma ya bawa, ya wembe na ya bamba la ubavuni. Sugua kwa chaki nayo itajitokeza. Kwa mchoro huo na namba hizo, muuza vipuri au mhunzi ataweza kukutafutia au kukufulia wembe unaolingana bila kuiona plau yenyewe. Plau ikishafungwa wembe mpya, paka grisi uso wote wa bawa usiku wa kila siku ya kazi, kwa sababu bawa lililong'arishwa na udongo hushika kutu usiku mmoja tu wa umande. Ukikwama mahali popote, andika hapahapa pamoja na vipimo, nasi tutakujibu.